Karatasi ya Ganzi

Desanka aliuhamisha mkoba wa mkamwana wake Alhamisi asubuhi, wakati Violeta amempeleka mtoto chekechea. Aliukuta nyuma ya mlango, umefungwa zipu na umejaa: gauni mbili za kulalia, taulo, nepi, na juu ya vyote kofia ya mtoto ya rangi ya njano, ndogo kiasi cha kuvikwa ngumi. Kofia ile ndiyo iliyomtoa jasho. Katika nyumba ile, tangu enzi za mama mkwe wake, nguo ya mtoto haiingii kabla mtoto mwenyewe hajaingia. Kitanda huazimwa kwa watu siku mzazi anatoka hospitali, na mpaka siku hiyo hakuna anayenunua hata soksi. Ungemuuliza, Desanka angekwambia yeye si mshirikina. Hapendi tu kujaribu bahati.

Hakupekua zaidi. Aliubeba mkoba, akavuka ua mpaka kwa jirani yao Stojan, mgane mpole asiyeuliza maswali, akaomba ukae stoo kwake. Violeta alipoutafuta jioni, aliambiwa uko mahali salama, na siku ikifika atauona mlangoni kabla hajamaliza kuvaa viatu. Violeta akaacha kuutafuta. Mimba ilikuwa ya wiki thelathini na nane, miguu imemvimba, na katika miaka sita ya ndoa alikuwa amejifunza kuchagua vita vyake na mama mkwe. Vita alivyovichagua safari hii vilikuwa vya sindano.

Sindano hiyo ilikuwa imekaa nao mezani mwezi mzima. Violeta alirudi kutoka kliniki na kueleza, huku akikata mkate, yote aliyoambiwa na daktari wa ganzi. Kuna wanaozaa kwa kupumua tu na kukandwa mgongo, na wengine hilo huwatosha. Kuna gesi ya kuvuta kwa barakoa, ila hospitali yao haina. Kuna sindano ya paja, inayopunguza uchungu kidogo na kuleta usingizi mwingi. Na kuna ile ya mgongoni: wanapitisha mrija mwembamba kama uzi, dawa inaingia polepole, mama anabaki macho, anasikia anaguswa lakini haumii. Yeye ametaka hiyo ya mgongoni. Mumewe Bratislav, dereva wa malori, alimwambia kwa simu kutoka Austria afanye anachoona kinafaa.

Desanka hakuwa na simu ya kutoka Austria, alikuwa na mdomo. Alisema mgongo ni mgongo, ukishachezewa umekwisha. Alisema kuna mwanamke kijiji cha pili alidungwa na sasa hawezi kuinua ndoo, ingawa jina la mwanamke huyo halikupatikana. Akasema mengine pia.

"Mimi nimezaa watatu," alisema, "na sikudungwa hata na mwiba. Mwanamke asiyeumia atajuaje kwamba amezaa?"

"Atamwona mtoto, mama," Violeta alijibu.

Desanka alicheka bila kutaka. Kisha akavuta mkono wa sweta ukafunika kigasha, mahali palipokuwa na kovu la nusu duara ambalo siku zote alisema aling'atwa na mbwa wa jirani.

*

Uchungu ulianza Jumamosi, saa tatu asubuhi, kabla ya siku zake. Ilikuwa wiki ya ajvari, achari ya pilipili za kuchoma inayowekwa akiba ya majira ya baridi. Katika kila ua wa kijiji pilipili nyekundu zilikuwa juu ya bati la moto, moshi umelala barabarani, na hakuna mwanamke ambaye kucha zake hazikuwa nyeusi. Desanka alikuwa anageuza, Violeta amekaa kwenye kiti cha chini anamenya maganda. Mjukuu alikuwa kwa bibi yake mwingine tangu jana, na hiyo ilikuwa bahati. Violeta aliinuka, maji yakamtiririka miguuni hadi kwenye majani, akasimama akiyatazama.

Alikuwa mtulivu kuliko Desanka alivyotegemea. Alipiga simu ya gari la wagonjwa, akanawa mikono, akafunga nywele. Ndipo akasema, "Mama, mkoba."

Desanka alivuka ua mbio. Mlango wa Stojan ulikuwa na kufuli. Gari halipo, kumbe ameenda kuuza pilipili sokoni mjini. Alimpigia simu, akaisikia ikilia ndani ya nyumba, juu ya friji. Aliporudi, gari la wagonjwa lilikuwa limekwisha ingia uani na kijana wa gari anamshika Violeta kiwiko.

"Nenda tu, mwanangu," Desanka alisema huku akihema. "Gauni watakupa za hospitali. Stojan akirudi nitaleta."

"Si gauni." Violeta aliushika mlango wa gari, akasubiri uchungu upite kwanza. "Karatasi ya daktari wa ganzi imo ndani. Na majibu ya damu. Bila hizo hawanichomi."

"Watapima nyingine."

"Mimba ya kwanza damu yangu ilikuwa haigandi vizuri, mama. Bila majibu hawamgusi mtu mgongo. Leo Jumamosi, maabara watachelewa."

Desanka alisikia uso unamwaka, na si kwa moto wa pilipili. Akasema atazileta, hata kwa miguu. Violeta alimtazama bila hasira, na hilo likamuumiza zaidi.

"Usiniahidi, mama," akasema. Wakafunga mlango.

*

Dirisha la stoo ya Stojan ni dogo, na Desanka si mdogo. Alikuwa na miaka sitini na minne na nyonga ambazo hakuwahi kuzionea haya mpaka asubuhi ile. Alivunja kioo kwa mpini wa koleo, akaondoa vipande kwa aproni, akapanda juu ya kreti tatu za pilipili. Kichwa kilipita, mabega yakapita. Nyonga zikagoma. Alining'inia hapo, nusu yake ndani na nusu nje, miguu ikipiga hewa, akimshukuru Mungu kwamba Stojan hafugi mbwa. Maskini amewaogopa tangu utotoni. Kisha kitu kikachanika, akaangukia magunia ya mahindi. Slipa moja ilibaki nje.

Mkoba ulikuwa pale pale. Aliufungua ahakikishe, akatoa kofia ya njano, akatoa taulo, na chini kabisa akalikuta faili la plastiki. Alijua kusoma vizuri, miaka ishirini alikuwa karani wa ghala la ushirika. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya damu, ya Jumatano, yenye mhuri. Ya pili ilikuwa na saini ya daktari na ya Violeta. Katikati palikuwa na swali la chapa: kama umewahi kuzaa, eleza ilivyokuwa. Na chini yake mwandiko wa Violeta, ule ule wa orodha za dukani.

"Saa ishirini na mbili. Nilipiga kelele, muuguzi akaniambia mbona ulipokuwa unaitafuta mimba hukulia. Walinishona bila ganzi. Siku tisa sikuweza kumshika mtoto, nikimwona natetemeka. Sijamwambia mtu. Naomba yasirudi."

Desanka alikaa juu ya gunia. Zile siku tisa alizikumbuka vizuri sana. Yeye ndiye aliyembeba mtoto usiku na mchana, na yeye ndiye aliyewaambia wanawake pale kisimani kwamba Bratislav ameoa mvivu, mwanamke anayemgeuzia mgongo mtoto wake mwenyewe. Alilisema hilo kwa kicheko, na hakulisema mara moja. Violeta lazima alilisikia, maana kijijini kwao maneno hayapotei njia.

Alirudisha nguo mkobani na karatasi ndani ya plastiki, akaitia plastiki kifuani chini ya nguo. Mkoba akautupa nje kupitia dirishani. Mwenyewe alitoka kwa mlango, maana aliusukuma kwa gunia na bega mpaka kufuli la nje likang'oka pamoja na bawaba zake, na hasira ilimpa nguvu ambazo hakujua bado anazo. Hasira yote ilikuwa juu yake mwenyewe.

*

Basi la Jumamosi hupita saa saba. Desanka alisimama katikati ya barabara, mkoba begani, akalizuia gari la mikate. Sima, dereva wake, alikuwa na vijiji vitatu zaidi vya kushushia. Alimtazama, aproni imechanika, masizi mpaka kwenye nyusi, mguu mmoja una slipa na mwingine soksi.

"Shangazi Desa, nyumba imeungua?"

"Violeta anajifungua na mimi nimemwibia dawa. Endesha."

Sima akatia gia. Aliviruka vile vijiji vitatu, na tangu siku hiyo hakuna aliyemlaumu, ingawa watu wa vijiji hivyo walikula mkate wa jana. Njiani alimpa chupa ya maji na kitambaa cha kujifutia. Desanka alijifuta ndipo masizi yakaenea vizuri.

Hospitalini, mlinzi alikuwa ndani ya kibanda chake cha kioo. Alivuta harufu ya moshi na pilipili, akamwambia bibi, soko liko ng'ambo ya daraja. Desanka akaeleza. Mlinzi akasema wodi ya wazazi haina wageni, na hata angekuwa na ruhusa, hapandi ngazi zile bila vifuko vya plastiki vya viatu, vinanunuliwa kwenye mashine pale, kwa sarafu. Kisha akaangalia miguu ile, slipa moja na soksi moja, na hakuweza kuzuia tabasamu. Watu waliokuwa kwenye benchi waliangalia pia.

Desanka hakuwa na hata dinari moja. Siku nyingine angempa mlinzi huyo maneno ya kumtosha mpaka pensheni. Leo alitoa plastiki kifuani, akaibandika kwenye kioo.

"Mwanangu," alisema polepole, "mimi nifukuze. Hata kama mbwa, nifukuze. Lakini karatasi hii ipande juu. Mpigie daktari wa ganzi."

Mlinzi aliisoma kupitia kioo. Ilimchukua muda kidogo. Kisha akapiga simu, na alipomaliza akatoa sarafu mfukoni mwake, akaenda kwenye mashine, akarudi na vifuko viwili vya bluu. Alipiga goti akamvalisha Desanka mwenyewe, mguu wenye slipa na mguu wenye soksi, mpaka isijulikane upi ni upi. Mke wangu alizaa hapa mwezi wa nne, alisema, kama kwamba ameulizwa.

Daktari Kostić alishuka ngazi mwenyewe, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Alisoma majibu ya damu akiwa amesimama, kidole kikifuata mistari. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Saa sita alitakiwa chumba cha upasuaji, na maabara walikuwa wamemwambia majibu mapya hayatoki kabla ya saa saba.

"Chembe za kugandisha ziko sawa," alisema. "Violeta ametoka mbali kweli tangu mimba ya kwanza. Njia imefunguka sentimita tano, tunawahi." Alikuwa amekwisha geuka, akageuka tena. "Wewe ndiye mama yake?"

"Mama mkwe," Desanka alisema, na neno hilo likamkaa vibaya mdomoni.

*

Alikalishwa kwenye korido ya ghorofa ya pili, mbele ya mlango wenye kioo cha ukungu. Alijua kitakachofuata. Alikuwa amekaa korido za namna hii kwa dada zake na kwa binti zake, na siku zote mtu hufuata sauti: inapanda, inapanda tena, halafu analia mtoto. Kwa dakika kumi za kwanza alimsikia Violeta. Hakupiga kelele, alikuwa ananguruma kwa ndani, kama mtu anayeinua kitu kizito peke yake. Desanka alishika ukingo wa benchi.

Halafu ikawa kimya.

Alisubiri. Saa ya ukutani ilipita saa sita. Daktari Kostić alitoka kwa haraka, akateremka kwenda kwenye upasuaji wake, akimpungia mkono tu. Ndani kukabaki kimya. Saa sita na nusu, kimya. Desanka alikuwa na umri wa kutosha kujua kimya cha chumba cha kuzalia kina maana gani. Miaka ile alipozaa, kitanda cha jirani yake kilinyamaza hivyo, na asubuhi kilikuwa kimetandikwa shuka safi. Aliiona kofia ya njano mapajani mwake, kofia aliyoitoa mkobani bila kujua. Imeingia ndani kabla ya mtoto. Yeye ndiye ameileta. Akaanza kuomba kwa sauti, bila kujali nani anasikia: amchukue yeye, mzee, aliyekwisha kula ajvari zake zote.

Mkunga alifungua mlango akamkuta hivyo. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, anaitwa Olga, na mkononi ana kikombe cha chai.

"Bibi, una nini?"

"Mbona amenyamaza?"

"Nani, Violeta? Amelala."

Desanka hakuelewa. Olga akaeleza, na ikabidi aeleze mara mbili. Mrija umewekwa, dawa imeingia, miguu inasogea, mapigo ya mtoto mazuri. Muuguzi wa ganzi yuko naye, upande wa kichwa cha kitanda. Uchungu unaendelea na kazi yake, unaonekana kwenye mashine, mlima baada ya mlima, ila yeye hauoni. Alikuwa hajalala vizuri wiki nzima, akasinzia.

"Kabla hajalala alituma ujumbe," Olga alisema. "Anauliza kama pilipili zimeungua."

Desanka alifunika uso kwa kofia ya njano na kulia. Alilia kwa furaha, na kwa aibu, na kwa kitu kingine ambacho hakukipatia jina. Olga alikaa kando yake, akampa ile chai.

Ni wakati huo simu yake ilipolia. Alikuwa Stojan.

"Da Desa, nimeibiwa," alisema. "Mwizi amevunja dirisha na mlango, hakuchukua kitu, ameacha slipa."

"Nitalipa kioo, Stojan."

"Acha kioo. Nimekuta moto wenu unawaka peke yake, nimemalizia kuchoma. Kreti mbili zimeungua, nyingine ziko salama, nazimenya. Mtoto vipi?"

"Mama yake amelala," Desanka alisema, na kusikia namna neno hilo linavyopendeza.

*

Mtoto alizaliwa saa tisa na dakika kumi, msichana. Violeta aliamshwa, akaambiwa lini asukume, akasukuma, na alipochanika kidogo walimshona akiwa anamtazama mtoto machoni. Haya yote Desanka aliyapata kwa Olga. Daktari Kostić alirudi kutoka kwenye upasuaji, kofia ya kijani bado kichwani, na Desanka akasimama na vifuko vyake vya bluu. Alitaka kumbusu mkono. Daktari aliuondoa mkono, si kwa ukali.

"Mimi nilichoma tu," alisema. "Mshukuru aliyeleta karatasi."

"Aliyeileta ndiye aliyeificha," Desanka alisema.

Daktari alivaa miwani yake ili amtazame vizuri. Kisha akacheka, akasema basi leo huyo mtu amefanya kazi mara mbili, na kwa kuwa amefanya kazi mara mbili, aingie dakika tano, hata kama sheria hairuhusu.

Violeta alikuwa amelala ubavu, nywele zimeloa jasho, na mtoto yuko kifuani, ngozi kwa ngozi. Alikuwa amemshika kwa mikono miwili. Desanka aliiangalia hiyo mikono kwa muda mrefu, kisha akatoa kofia.

"Ina masizi kidogo," alisema.

"Mvalishe."

Akamvalisha. Alitaka kuanza hapo hapo kuomba msamaha, alikuwa ameupanga tangu kwenye gari la mikate: mkoba, siku tisa, maneno ya kisimani. Alifika kwenye neno "nimesoma" akaishia hapo. Violeta alifumba macho, akafumbua.

"Uliisoma ile karatasi."

"Niliisoma."

"Basi. Sasa na wewe unajua." Alisogeza mguu kidogo chini ya shuka ili Desanka apate pa kukalia. "Asante, mama. Nilikwambia usiniahidi, nikakaa nakusubiri tu. Nilijua utakuja."

Desanka akakaa. Nje mtu alikuwa anasukuma kitoroli cha supu.

"Wananiuliza kila mara," Violeta alisema, sauti imelegea kwa uchovu na raha. "Kutoka sifuri mpaka kumi, inauma kiasi gani. Nilianza na tisa. Baadaye nikasema mbili, nikaona haya kabisa, kama nimedanganya." Alitabasamu. "Wewe kwa Bratislav ilikuwa ngapi?"

"Hakuna aliyeniuliza."

"Mimi nakuuliza."

Desanka alicheka kidogo, kisha akaacha. Alivuta juu mkono wa sweta, taratibu, akaulaza mkono juu ya shuka jeupe, lile kovu la nusu duara likitazama dari.

"Unaliona hili? Siku zote nasema mbwa wa Stojan."

"Najua, mama," Violeta alisema. "Stojan hajawahi kufuga mbwa."

Kwa hiyo alijua, miaka sita yote, na hakusema. Violeta alitoa mkono mmoja kwa mtoto, akaweka vidole vyake juu ya alama zile, kimoja kimoja, mahali meno ya Desanka mwenyewe yalipopita.

"Kumi," Desanka alisema. "Ilikuwa kumi, mwanangu."